Nani Kasema Nyuma Hakuna Alaimenti?

Nyuma ya gereji nyingi za Msamvu na Kihonda kuna rundo la matairi yaliyotolewa kwenye magari. Ukiyageuza moja moja, mengi yanasimulia habari ileile: upande wa nje kashata bado zimesimama, katikati bado panafaa, ila upande wa ndani pamekwisha kabisa na nyaya zimeanza kuchungulia. Mwenye gari hakuona kitu, kwa sababu upande wa ndani hauonekani mpaka uiname au gari lipandishwe jeki. Ukiuliza tairi lilikuwa la wapi, mara nyingi utaambiwa la nyuma.

Jambo hili linaniuma. Tairi jipya si kitu cha kununua kila baada ya miezi michache, na mji wetu wa Morogoro umekaa mahali ambapo gari linashika lami ya barabara kuu asubuhi, na mchana linapanda Uluguru kwa njia ya Mgeta au ya Kinole. Linaniuma zaidi kwa vile majibu wanayopewa wenye magari ni ya kurithishana. Fundi kaambiwa na fundi, dereva kaambiwa na dereva, na aliyepima hayupo. Nayachukua hapa yale yanayosikika sana, nikianza na lililo kubwa kuliko yote.

"Nyuma hakuna alaimenti, alaimenti ni ya mbele tu."

Zamani hoja hii ilikuwa karibu na ukweli. Peugeot 404, Land Rover na pikapu za Datsun ambazo wazee wetu walizizoea zilikuwa na ekseli nzima nyuma: chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, difu katikati. Ekseli ya namna hiyo ikiwa haijapinda, matairi yake husimama wima na kutazama mbele, na hakuna nati ya kuyarekebisha. Hilux, Hiace, Coaster na Prado ziko hivyo mpaka leo.

Lakini simama kidogo nje ya Soko la Chifu Kingalu utazame magari yaliyopaki. Utaona RAV4, Harrier, Mark X, Forester, X-Trail, na Corolla 110 ambazo bado zinadunda. Kwenye magari haya kila tairi la nyuma lina mikono yake lenyewe, limeshikwa kwa bushi za mpira, na linaweza kugeuka kidogo kuelekea ndani au nje bila kumuuliza mwenzake. Kiwanda kililijua hilo. Ukilala chini ya RAV4 ya zamani ukafuata mikono inayoshika gurudumu la nyuma, utaikuta bolti yenye wosha pana iliyotobolewa nje ya kitovu chake, na pembeni mwa wosha kuna vijistari vya vipimo. Ukiizungusha bolti ile, mkono unasogea milimita chache na tairi linabadili mwelekeo. Aliyechora vile vijistari alitaka fundi avitumie.

Kwa nini basi mafundi wengi huapa kwamba marekebisho hayapo? Nadhani sababu kubwa ni kutu. Gari limetumika Japani, ambako mikoa ya baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, au limekaa miaka kadhaa Dar es Salaam karibu na bahari. Bolti imeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Fundi anaweka spana, nati inalegea vizuri, lakini bolti haizunguki. Akiilazimisha, mpira wa bushi unajipinda, akiachia unarudi ulipokuwa. Anatoka chini ya gari, anafuta mikono, anasema, "Bosi, hii nyuma haina marekebisho." Marekebisho yapo, yameota kutu. Dawa yake ni kuloweka mafuta ya kulegeza kutu, kupasha moto kwa uangalifu, na ikishindikana kabisa kuikata bolti na kufunga mpya pamoja na bushi yake. Ni kazi ya nusu siku na inachosha, ndiyo maana ni rahisi zaidi kusema haipo.

Hata yale magari ya ekseli nzima hayajasalimika. Hilux inayoshuka Nyandira imejaa kabichi na viazi inaning'iniza uzito wake kwenye springi za majani, na majani yale yameshikwa pamoja na senta bolti moja kila upande. Yu-bolti zikilegea na senta bolti ikakatika, ekseli inateleza nyuma upande mmoja. Matairi yote mawili ya nyuma sasa yanatazama kando. Kulijua hili hakuhitaji mashine. Nyoosha usukani, chukua futi, pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma upande wa kulia, kisha pima kushoto. Tofauti ya sentimita nzima ina habari ya kukupa.

"Gari langu halivuti upande, kwa hiyo alaimenti iko sawa."

Hii imewapotezea watu matairi mengi kuliko hoja nyingine yoyote ninayoijua, kwa sababu inasikika kuwa na akili. Gari huvuta upande pale nguvu za kulia na kushoto zinapokosa kulingana. Sasa fikiria matairi mawili ya nyuma yote yanatazama nje kwa kiasi kilekile. La kulia linataka kwenda kulia, la kushoto linataka kwenda kushoto, na kwa kuwa yamefungwa kwenye gari moja, kila moja linamzuia mwenzake. Gari linanyooka. Usukani umetulia. Dereva anaweza kuuachia kwa sekunde moja kwenye lami ya Mikese na asione kasoro yoyote. Matairi ndiyo yanayolipa.

Yanalipa kiasi gani? Tuchukue rimu ya inchi 15, na tuseme tairi limekosea mwelekeo wake kwa milimita 3 ukipima ukingo wa mbele wa rimu dhidi ya ukingo wa nyuma. Milimita 3 ni unene wa sarafu mbili hivi, chini ya nusu digrii. Kwa kosa hilo, katika kila kilomita moja tairi linasukumwa kando kwa karibu mita 8. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kilomita 190 na ushei. Ukifika, tairi lako limesukumwa kando jumla ya kilomita moja na nusu. Si kwamba limeburuzwa moja kwa moja umbali wote huo, maana mpira hujikunja na kurudi. Ila katika kila mzunguko, ile sehemu ya mwisho ya mpira inayogusa lami huburuzika kabla ya kuachia. Kinachong'oka ni kidogo mno kwa jicho, lakini tairi jipya la gari dogo lina kina cha milimita 8 hivi tu, na vile vizuizi vidogo vya mpira ndani ya mifereji, vinavyokwambia tairi limekwisha, viko kwenye milimita 1.6. Hakuna akiba kubwa ya kuchezea.

Kipimo cha kwanza unacho mkononi mwako. Gari likiwa limezimwa na kupoa, pitisha kiganja juu ya kashata za tairi la nyuma kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe kutoka ndani kwenda nje. Tairi lenye mwelekeo sahihi halitofautiani. Lenye kasoro ni laini ukienda upande mmoja, na ukirudi linakukwaruza kama meno ya msumeno. Ukingo mkali ukiwa upande wa ndani wa kila kashata, matairi yanatazamana kupita kiasi. Ukiwa upande wa nje, yanatazama nje. Angalia tu usikutane na waya uliochomoza, unakata.

Kuna pia kasoro ya namna ya pili, ambapo matairi ya nyuma yote mawili yametazama upande mmoja. Hapo gari linatembea kiupande: ukiwa nyuma yake barabarani unaona ubavu wake mmoja zaidi ya mwingine, na dereva anashika usukani uliopinda ili aende mbele. Anachofanya fundi asiyepima nyuma ni kuzungusha tairodi za mbele mpaka usukani unyooke. Mteja anafurahi na gari linaendelea kutembea kiupande. Mashine inayofaa husoma magurudumu yote manne, na mtazamaji makini ataona kwamba inaanza na nyuma, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Ya mbele hupangwa kuyafuata.

"Ni matairi ya siku hizi. Ya zamani, ya General Tyre, hayakuwa na mambo haya."

Namheshimu mzee anayesema hivi, na kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilikuwa fahari ya nchi hadi kiliposimama mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Lakini matairi yale yalifungwa kwenye magari niliyoyataja mwanzo, yenye ekseli nzima nyuma. Funga tairi lilelile kwenye Mark X yenye mikono iliyopinda nyuma, nalo litaliwa ndani.

Tairi la bei rahisi lina kasoro zake. Linaweza kuwa na mshiko hafifu kwenye maji, au kuchakaa upesi kuliko la bei kubwa. Ila mpira dhaifu huchakaa upana wote. Mpira haujui upande wa ndani ni upi. Tairi likiliwa upande mmoja na mwingine ukabaki mzuri, kosa liko kwenye gari, na ukinunua la bei kubwa zaidi utakuwa umenunua chakula cha bei kubwa zaidi kwa ugonjwa uleule.

"Upepo ndio uliopungua."

Upepo mdogo hula kingo zote mbili, upepo mwingi hula katikati. Kuliwa upande wa ndani peke yake si kazi ya upepo. Soma kibandiko kwenye mlango wa dereva. Kama kimeandikwa kPa 220, hiyo ni PSI 32, na ipimwe tairi likiwa la baridi.

"Balansi imefanyika juzi."

Balansi ni kusawazisha uzito wa tairi na rimu ili visitikisike vikizunguka. Haigusi mwelekeo wa gurudumu hata kidogo. Vijiwe vya risasi pembeni mwa rimu havijawahi kuokoa tairi linalotazama nje.

"Kemba ndiyo inayokula tairi."

Kemba, yaani tairi kulala kuelekea ndani au nje kwa juu, inaonekana kwa macho, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa kwanza. Magari mengi madogo yametengenezwa matairi ya nyuma yakilala ndani kwa kama digrii 1, na yanakwenda makumi ya maelfu ya kilomita bila shida. Tairi linalolala kidogo lakini linatazama mbele huviringika. Huelemea upande wake wa ndani, ni kweli, ila haliburuzwi. Balaa huanza pale mlalo na mwelekeo mbaya vinapokutana: mlalo unaweka uzito kwenye ukingo wa ndani, na mwelekeo unauburuza ukingo huohuo. Ndiyo maana tairi linaweza kuisha ndani huku nje likionekana limetoka dukani. Kwa hiyo ukiona gari limelala nyuma, pima mwelekeo kabla hujahukumu mlalo. Mlalo ukiwa umezidi kweli, au upande mmoja umezidi mwingine, tafuta springi iliyochoka au mkono uliopinda. Fundi akikwambia "mlalo wa gari hili ndivyo ulivyo", mwombe akuonyeshe kipimo cha kiwanda. Mashine nzuri zina vipimo hivyo ndani yake kwa kila modeli.

"Gari langu ni la bimu, halipimwi nyuma."

Hapa nusu ya maneno ni kweli na nusu inagharimu. IST, Vitz, Passo, Premio isiyosukuma magurudumu yote manne, Noah za AZR60 zinazovutwa na magurudumu ya mbele, zote zina bimu nyuma: chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, kinachojisokota kidogo gurudumu moja likipanda. Ni kweli kwamba kiwanda hakikuweka bolti ya kurekebisha. Lakini kisichorekebishwa kinaweza kupimwa, na kipimo ndicho kitakachokwambia kama bimu imepinda.

Nayo hupinda. Haihitaji ajali ya kuandikwa polisi. Gari likiteleza ubavu kwenye barabara ya udongo uliolowa na gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa mtaro wa saruji, au likiingia shimoni kwa kasi limebeba watu na mizigo, bimu inaweza kupinda kiasi kisichoonekana kwa macho. Milimita chache zinatosha, nimeshaonyesha hesabu. Magari mengi tunayonunua yamepata misukosuko yake kabla hayajafika kwetu, na rangi mpya haisemi kitu kuhusu bimu.

Ikipimwa ikakutwa imepinda, kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuweka vipande vyembamba vya chuma, vilivyokatwa kwa mshazari, kati ya habu na bimu, ili gurudumu lirudi kwenye mwelekeo wake. Ya pili ni bimu nyingine iliyonyooka, na hiyo nayo ipimwe baada ya kufungwa. Njia ya tatu, ya kuipasha moto bimu na kuigonga nyundo, mimi naikataa. Chuma kile kimetengenezwa kijisokote mamilioni ya mara bila kuvunjika, na moto wa gesi huondoa uwezo huo.

"Nimeweka spesa tu kunyanyua gari. Alaimenti sijaigusa."

Umeigusa. Naelewa kwa nini watu wananyanyua magari. Gari lililotengenezwa kwa lami ya Nagoya halina haja ya tumbo la juu, na aliyewahi kusikia jiwe likikwaruza chini ya gari akipanda kutoka Mlali kwenda Langali hahitaji kufundishwa faida ya sentimita 4. Matuta ya barabarani nayo yana mchango wake. Simkatazi mtu kunyanyua gari lake. Nakataa ile "tu".

Tazama kinachotokea kwenye Harrier ya zamani au Corolla 110. Gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono inayotoka katikati ya gari kwenda nje, ikiwa imelala karibu sawa na ardhi. Ukiweka spesa juu ya springi, bodi inapanda na mikono inabaki imeinama kuelekea magurudumu. Mkono ulioinama ni mfupi kwa upana kuliko uliolala. Ncha yake ya nje inavutwa ndani. Mlalo wa tairi unabadilika. Na kwa kuwa mkono wa mbele na wa nyuma wa gurudumu hilohilo hailingani kila mara kwa urefu wala kwa kimo, mwelekeo nao unahama. Bushi za mpira, zilizokazwa gari likiwa chini, sasa zinaishi zimejisokota saa zote, na zitapasuka mapema. Anayenyanyua gari la namna hii analegeza bolti za bushi, anazikaza upya gari likiwa limekanyaga ardhi kwa uzito wake, kisha anapima magurudumu yote manne. Bila hatua hizo kazi haijakwisha, hata kama gari limeshatoka gereji.

Gari la bimu linaumia kidogo tu kwa spesa, na la ekseli nzima mwelekeo wake haubadiliki, ingawa lile lenye springi za koili hujisogeza upande kidogo. Kwa hiyo jirani yako mwenye Prado akikwambia alinyanyua na matairi hayakuliwa, anasema kweli. Ila anazungumzia gari jingine.

Kinyume cha kunyanyua ni kuelemewa. Harrier inayobeba magunia kila siku ya gulio, springi zikalegea, itaonyesha habari hiyohiyo kwa upande wa pili: bodi imeshuka, matairi yamelala ndani, mwelekeo umehama. Kupima gari hilo bila kubadili springi ni kupoteza hela.

"Zungusha matairi, ya nyuma yaje mbele, tatizo litakwisha."

Kuzungusha matairi kila kilomita 10,000 hivi ni jambo jema kwa gari lililo sawa. Kwa gari lenye kasoro nyuma, ni kumpeleka mgonjwa nje na kumlaza mzima kwenye kitanda chake. Lile lililokwishaliwa ndani linakuja mbele, na lile zima linaanza kuliwa nyuma. Baada ya muda una matairi manne mabovu, na dalili imechanganyika kiasi kwamba hata fundi hodari hawezi tena kujua tatizo lilianzia wapi.

Na kuna gharama nyingine. Tairi lenye kashata zilizokatwa kwa mshazari hunguruma. Likiwa nyuma, sauti inapotelea huko. Likija mbele, inaingia miguuni mwa dereva. Anakwenda gereji. "Beringi hiyo, bosi," anaambiwa. Beringi inabadilishwa, mngurumo upo palepale. Inabadilishwa ya pili. Kabla ya kununua beringi, fanya jambo moja: hamisha lile tairi linaloshukiwa. Mngurumo ukihama nalo, beringi yako haina kosa. Tena, tazama kama tairi lina mabonde mabonde kuzunguka duara lake, moja juu, moja chini. Hayo mara nyingi ni ya shokapu iliyokufa, maana gurudumu linarukaruka badala ya kukanyaga.

"Barabara zetu zitaiharibu kesho, kwa nini nipime leo?"

Alaimenti haiharibiki kwa barabara kama chumvi inavyoyeyuka kwenye maji. Inahama kwa sababu kitu fulani kimepinda, kimechakaa, au hakikukazwa. Gari lenye bushi nzima, mikono iliyonyooka na nati zilizokazwa inavyotakiwa linaweza kwenda Kisaki na kurudi kwa njia ya Bigwa, likakuta vipimo vyake vipo.

Anayepima leo na kukuta vimehama wiki ijayo, mara nyingi alipima juu ya bushi mbovu. Bushi iliyopasuka huonekana sawa gari likiwa limesimama kwenye mashine. Ukikanyaga breki ukiteremka, mkono unacheza nyuma na mbele, na tairi linageuka mahali ambapo mashine haikuwahi kuona. Ndiyo sababu mpangilio wa kazi una maana: gari lipandishwe, fundi aingize pao kwenye kila bushi na kuusukuma mkono, atikise gurudumu kuona kama beringi inacheza, abadilishe vilivyochoka, ndipo apime. Anayekubali kupima bila kutikisa kitu chochote, mkimbie.

Wapo wanaosema Morogoro hatuna mashine za kutosha, kwa hiyo tuache. Fundi mwenye subira anaweza kupima nyuma kwa uzi wa kuvulia samaki. Gari linasimamishwa kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yana upepo sahihi. Nyuzi mbili zinakazwa kwenye vigingi, moja kila upande, kwenye kimo cha vitovu vya magurudumu, zikiwa sambamba kabisa. Umbali wa uzi kutoka kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele ulingane kulia na kushoto, na wa nyuma vivyo hivyo. Wa mbele na wa nyuma waweza kutofautiana wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu upana wa magurudumu haulingani kwenye magari mengi. Kisha kwa kila rimu ya nyuma anapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele, na kutoka uzi hadi ukingo wa nyuma. Mwelekeo ndio tofauti ya namba hizo mbili. Timu za mashindano ya magari hufanya hivihivi mpaka leo. Kinachotakiwa ni sakafu iliyo sawa na fundi asiye na haraka.

"Tairi bovu weka nyuma. Mbele ndiko kwenye usukani."

Nimeiacha mwisho kwa sababu hii inahusu maisha ya watu. Karibu kila dereva ninayemjua anaiamini. Anaponunua matairi mawili, mapya huenda mbele na vipara huenda nyuma. Michelin, miongoni mwa watengenezaji wengine wa matairi, wanashauri kinyume chake: yenye kashata nyingi yafungwe nyuma, hata kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Sababu inaonekana kwenye maji, na sisi tunayo maji. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na masika yakikolea hata lami ya mjini inatiririka. Matairi ya mbele yakikosa mshiko kwenye kona, gari linakataa kukata na linakwenda mbele. Dereva anaogopa, anaachia mafuta, mwendo unapungua, matairi yanashika tena. Yale ya nyuma yakikosa mshiko, mkia wa gari unatoka nje na gari linageuka. Woga unamwambia dereva akanyage breki, na breki inahamishia uzito mbele na kuuacha mkia mwepesi zaidi. Kuliokoa gari hapo kunahitaji kugeuza usukani upande ambao mkia unakwenda, kwa haraka na kwa kiasi, na wengi wetu hatujawahi kufundishwa hilo.

Ongeza juu yake matairi ya nyuma yanayotazama nje. Wabunifu wa magari kwa kawaida huyaacha ya nyuma yatazamane kidogo makusudi, ili mkia utulie kwenye kona. Yakitazama nje, mkia unakuwa mwepesi kutoka hata kwenye lami kavu. Gari la namna hiyo, lenye vipara nyuma, likiteremka kutoka Mgeta wakati wa mvua na upande mmoja ni bonde, limebeba hatari mbili zilizowekwa na watu kwa mikono yao.

Kwa wenye RAV4 za zamani na Forester zinazosukuma magurudumu yote manne muda wote, hata swali la mbele au nyuma halipo. Magari hayo yanataka matairi manne yanayolingana kwa kina cha kashata, kwa sababu tairi lililochakaa ni dogo kwa mzingo na linazunguka mara nyingi zaidi, na tofauti hiyo inakwenda kuumiza mitambo ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mwenye gari la aina hiyo akipoteza tairi moja la nyuma kwa bolti iliyoshikwa na kutu, huenda akalazimika kununua manne. Kupima magurudumu yote manne kungemgharimu chini ya bei ya tairi moja.